GEUZA GARI BOSI: HIYO DATSUN UNAYOJISIFIA KAIJENGA DOGO WA TEMEKE

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, wala nani kajirekodi kwenye nyumba ya kupanga akasema kanunua. Leo naongelea kigari cha plastiki chenye urefu wa sentimita 17 hivi. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni mmalize, halafu mrudi, maana ndani ya hicho kigari kuna jasho la mtu na limechukuliwa mchana kweupe huku sisi tukigawa kopa.

Mmekiona wote. Staa mmoja wa hapa mjini, jina silitaji na ukilitaja kwenye komenti nalifuta, kaposti modeli ya Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Picha kali, kigari kimekaa kwenye meza ya kioo, pembeni kuna saa ya bei mbaya. Chini kaandika kwamba kaijenga mwenyewe, kwa mikono yake, usiku mmoja, ili kutuliza akili. Watu wakamwagika: "Kaka una kipaji cha ajabu", "Mungu kakupa vyote", "Sisi wengine tulizaliwa kusindikiza".

Baada ya kama saa moja akatokea dogo mmoja wa Temeke. Komenti yake ilikuwa fupi na ya adabu: "Asante kaka mkubwa kwa kuipenda kazi yangu. Naomba tukumbukane kwenye lile salio." Haikukaa hata dakika kumi. Komenti ikafutwa, dogo akapigwa bloku, na machawa wakahamia kwenye ukurasa wake kumtukana. Eti njaa. Eti anatafuta kiki. Eti mwanaume mzima anadai hela ya toyi.

Dogo namfahamu na nimekaa naye. Kaniomba nisimtaje kwa sababu bado anatafuta wateja mji huuhuu, kwa hiyo tumuite Fundi. Nimeona kwenye simu yake picha za kazi hatua kwa hatua, na nimesoma meseji za makubaliano. Boksi la modeli alileta bosi. Bei walikubaliana laki mbili na nusu. Akapewa elfu hamsini ya kuanzia. Siku ya kukabidhi akaambiwa, "Nyingine nitakuzungusha dogo, halafu nitakutag, utapata wateja hadi ukimbie." Hela hakuzungushiwa, tagi hakupewa, na sasa hata kazi yenyewe imepewa baba mwingine.

KWANZA MJUE HIYO NI GARI GANI

Wengi mlioandika "kali sana" hamjui hata mmeangalia nini, na sio kosa lenu, maana hata mwenye posti hakueleza.

Datsun ndiyo Nissan hiyohiyo, muulize mzee yeyote nyumbani atakwambia. Hiyo 240Z ni gari ya milango miwili yenye injini ya silinda sita, lita 2.4, ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969. Kwa wenzetu ilikuwa gari ya kujidai mjini. Huku kwetu ilikuja kupigwa na mawe, vumbi na tope la masika, kwenye mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo miaka ile yaliitwa East African Safari, yakiunganisha Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 1971 ikashinda. Dereva alikuwa Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller, gari namba 11, nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Nafasi ya pili ikashikwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Huyo Mehta akarudi mwaka 1973 na gari aina hiyohiyo akashinda yeye, pembeni kakaa Lofty Drews. Baadaye akashinda miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, jumla mara tano.

Kwa hiyo hii modeli sio toyi la kutoka popote. Hii ni barabara zetu, vumbi letu, limepunguzwa mara 24 likaingia kwenye boksi. Wanaotengeneza ni Hasegawa wa Shizuoka, Japani, mkoa ambao Tamiya nao wako hapohapo. Kule kila mwaka kuna maonyesho ya modeli, na wanaopanga kazi zao mezani ni watu wazima wenye mvi na ndevu. Hakuna anayewauliza kama wamekosa kazi ya kufanya.

USIKU MMOJA? WEWE BOSI WEWE!

Sasa tuje kwenye huo "usiku mmoja". Nimekaa na Fundi akanionyesha kazi inavyokwenda, na nawapa kwa kifupi ili siku nyingine msidanganywe.

Modeli inakuja vipande vipande, vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama maembe machanga kwenye tawi. Kuna bodi, chesesi, viti, dashibodi, rimu, taa, mpaka vioo vya pembeni ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Kwanza unaviosha kwa maji ya sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Halafu unakata. Unakata kwa plaizi ndogo mbali kidogo na kipande, kinundu kinachobaki unakimaliza kwa wembe na msasa. Ukikata kwa pupa unang'oa na nyama ya kipande chenyewe. Hapo utajaza puti, utasubiri ikauke, utapiga msasa upya.

Kwenye bodi kuna mstari mwembamba kama unywele, pale ambapo kalibu zilikutana. Usipouona sasa utauona ukishapaka rangi, na utaumia. Unausugua kwa msasa wa maji, taratibu, bila kula kona za bodi.

Kisha praima. Praima inakauka, unaikagua kwenye mwanga, unakuta mikwaruzo ambayo hukuiona, unarudi kwenye msasa. Halafu ndiyo nyekundu, na nyekundu ni rangi ya umbea, kila kilicho chini yake inakitangaza. Praima ikiwa na madoa, nyekundu itakuwa na madoa. Hupulizi mara moja ukaenda kulala. Unapuliza ukungu mwepesi, unasubiri, unapuliza tena, mara tatu au nne. Ukijaza mara moja rangi inatiririka kama machozi na mistari ya milango inazibwa.

Fundi anafanya haya Dar, kwenye chumba kimoja, feni imezimwa ili vumbi lisiruke. Kukiwa na unyevu mwingi rangi inapiga ukungu mweupe, kwa hiyo mvua ikinyesha kazi inalala. Kabla hajagusa bodi, kila rangi anaijaribu kwanza kwenye vijiko vya plastiki vya aiskrimu. Alijifunza kupuliza kwenye gereji alikokuwa saidia fundi rangi, na kosa la kwanza analoogopa mtu wa gereji kwenye modeli ni tina kali. Kwenye bati la gari haina neno. Kwenye plastiki hii inayeyusha bodi mpaka inakuwa kama ubani.

Nyekundu ikikauka kabisa, na nasema kabisa, ndiyo unafunika kwa maskin tepu ili upulize boneti nyeusi. Ukifunika rangi ikiwa bado changa, tepu itaondoka nayo. Rangi za mafuta zinaweza kutaka siku nzima na zaidi kabla hujaziwekea tepu juu.

Halafu stika. Hizi za modeli hubandui kama za bodaboda. Unakata moja moja, unaichovya kwenye maji, unasubiri iachie karatasi, unaitelezesha kwenye bodi kwa brashi yenye maji, unaisukuma mpaka ikae, unakamua maji na hewa kwa kitambaa laini. Ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ikijikunja imekwisha, na kwenye boksi hamna nyingine. Juu yake unapuliza klia, unasubiri tena. Bado hujafunga vioo, hujaweka taa, hujapaka mpira wa dirisha kwa brashi yenye nywele tatu.

Picha za Fundi zinaonyesha wiki tatu, kila jioni akitoka kibaruani. Bosi yeye usiku mmoja. Labda kwake usiku una siku ishirini.

USHAHIDI KAUTOA MWENYEWE

Mnaosema "leta ushahidi", ushahidi kaposti mwenyewe kwenye ile video ya "nyuma ya pazia". Rudini muiangalie kwa utulivu.

Moja. Anafungua boksi akijifanya ndiyo anaanza. Anainua karatasi ya stika mbele ya kamera. Ile namba 11 ya mlangoni haipo, pamebaki tundu lililokatwa na mkasi. Sasa bosi, kama ndiyo unaanza, namba kaibandika nani?

Mbili. Anaonekana akipaka supagluu kwenye kioo cha mbele. Supagluu ikikaribia kioo cha plastiki inakipiga ukungu mweupe ambao hautoki kwa kufuta na shati. Ndiyo maana Fundi anatumia gundi nyeupe, ile inayokauka ikawa angavu. Halafu kwenye picha ya mwisho kioo ni safi kama maji ya Kilimanjaro. Ina maana ile supagluu ilikuwa ya kamera.

Tatu, na hii ndiyo yenyewe. Kila kazi anayomaliza, Fundi anaandika herufi zake mbili na tarehe chini ya chesesi, karibu na tairi la nyuma kulia, kwa rangi nyeupe na ncha ya kijiti cha meno. Picha ya herufi hizo nimeiona, imepigwa kabla kigari hakijaondoka Temeke. Staa kakionyesha kigari mbele, nyuma, kushoto, kulia na juu. Chini hajaonyesha mpaka leo.

Geuza gari bosi. Sekunde tano tu. Kama chini hamna kitu, naifuta hii posti na nakupongeza kama wengine.

UTETEZI WA MACHAWA, TUUJIBU MMOJA MMOJA

"Boksi kanunua yeye, kwa hiyo ni kazi yake." Kigari ni chake, hakuna anayebisha. Akiweke sebuleni, akipeleke kaburini akitaka. Ila kununua kitambaa hakukufanyi uwe fundi cherehani. Hata bibi harusi mwenye hela kuliko wote hajawahi kusimama ukumbini akasema gauni nimelishona mwenyewe, maana fundi wake yuko meza ya nyuma anakula pilau.

"Mbona wasanii wanaandikiwa nyimbo na hawasemi?" Wapo, na wengi walioandika bila kulipwa bado wanalia mpaka leo. Ubaya wa zamani hauwi leseni ya ubaya mpya. Na wale wanaofanya vizuri wanalipa, na jina la mwandishi linasomeka.

"Kapewa promo, ashukuru." Promo gani isiyo na jina? Promo ni mtu aone kazi ajue amtafute nani. Hapa watu wameona kazi, wamemtafuta staa, na nimeona komenti za watu wanamuomba awajengee na wao. Hao walikuwa wateja wa Fundi. Kwa hiyo ukipiga hesabu sawasawa, dogo hajapewa promo, kachukuliwa hela yake ya leo na wateja wake wa kesho.

"Laki mbili na nusu kwa toyi ni wizi." Wiki tatu za jioni. Gawanya mwenyewe, halafu ulinganishe na unachomlipa fundi wa kukupaka rangi ukuta. Na kama bei ilikuwa kubwa, pa kukataa ni kabla ya kazi. Bosi hakukataa, alisema "fanya dogo, usijali".

Na kuna jambo watu hamlijui. Rangi, tina, misasa na tepu za hiyo kazi, Fundi alinunua kwa hela aliyokopa mama yake kwenye kikoba. Ile elfu hamsini iliishia kwenye praima na klia. Marejesho ya kikoba hayasubiri staa arudi Dubai. Kila wiki mama anakaa mbele ya wanawake wenzake na kuelezea kwa nini hajamaliza, huku kazi ya mwanae imejaa kopa kwenye simu za watoto wa haohao wanawake. Hiyo ndiyo "njaa" mnayomcheka nayo.

RALLY INAANDIKA MAJINA MAWILI

Kinachonikera zaidi ni kwamba kati ya magari yote duniani, kachagua la rally kufanyia hivi.

Rudi juu usome tena washindi. Herrmann na Schüller. Mehta na Drews. Kwenye rally matokeo yanaandikwa majina mawili. Dereva ndiye anayepigwa picha zaidi, sawa, lakini yule wa pembeni mwenye ramani na saa, anayemwambia mwenzie kona inakuja na daraja limebebwa na maji, jina lake liko kwenye kitabu mstari uleule. Hakuna mwaka waliosema gari ilishinda kwa kipaji cha mmoja. Shekhar Mehta na ubingwa wake wote, ukitafuta ushindi wa 1973 utakutana na Drews hapohapo.

Huu ndio ustaarabu wa hiyo gari unayoiweka mezani. Miaka zaidi ya hamsini iliyopita watu walitoka matopeni wamechoka, hawajalala, na bado walijua kuandika majina mawili. Wewe una simu mkononi, una intaneti, uko kwenye kiyoyozi, unashindwa kuandika neno moja baada ya "imejengwa na".

SASA TUFANYEJE

Kwako bosi. Hujaharibikiwa bado. Rekebisha maandishi, weka jina la dogo, lipa laki mbili iliyobaki. Sema tu: kigari changu, kazi ya fulani wa Temeke. Hutapungua hata mfuasi mmoja. Tena utaonekana mtu wa maana, unayejua kuchagua fundi mzuri. Kuwa na jicho la kutambua kazi nzuri nacho ni kipaji, ungejisifia hicho ungekuwa umesema kweli.

Kwenu mafundi, wa modeli, wa keki, wa makeup, wa kuchora, wote mnaofanyia kazi watu wenye majina. Chukua nusu kabla hujafungua boksi, na hiyo nusu isiwe ya kununulia vifaa peke yake. Makubaliano yaandikwe kwenye meseji, hata kama mteja anakuita mdogo wangu. Piga picha kila hatua, na mkono wako uonekane. Weka alama yako mahali. Na kazi isitoke mlangoni kabla hela haijaingia, maana kigari kikishaondoka ulichobaki nacho ni namba ya simu ambayo haipokelewi.

Na sisi wa kopa na komenti. Ukiona kazi ya mkono imepostiwa na mtu ambaye hata kucha zake hazina rangi, uliza swali moja la adabu: imejengwa na nani? Usitukane, usimfuate mtu kwao. Uliza tu. Wakiuliza watu kumi inafutwa, wakiuliza elfu kumi inajibiwa.

Fundi yeye ameshafungua boksi jingine, Beetle ya mwaka 1966 ya mteja wa Kinondoni ambaye kalipa yote mapema, Mungu ambariki. Jana kanitumia picha ya bodi ikiwa kwenye praima. Safari hii herufi zake kaziandika chini ya chesesi na ndani ya mlango.

Haya wadau, uwanja wenu. Umewahi kufanya kazi ikapewa jina la mtu mwingine? Tuambie hapo chini ilikuwaje na uliipataje hela yako, kama uliipata. Majina ya watu msiweke. Na ukipita kwa bosi, muachie maneno mawili tu: GEUZA GARI.